Tupeane uzoefu: zabuni iko wazi kwenye tangazo, kwenye vipimo je?

Wakuu, mlioshiriki zabuni za umma, mlijuaje kama kweli kila mwenye sifa anapewa nafasi sawa? Naanza mimi. Nauza mashine za kuchapisha, na siku hizi kabla ya kupiga hesabu ya bei nasoma vipimo vya kiufundi. Tenda moja ilitaja hadi uzito wa mashine kwa gramu na rangi ya kifuniko. Aliyemo kwenye biashara hii anaitambua modeli hapo hapo. Nikaomba ufafanuzi kwa maandishi: mashine yenye kasi na ubora huohuo, ila nzito kidogo, itakubalika? Wakatoa marekebisho, wakaongeza "au inayolingana nayo". Tukaingia wengi. Alishinda mwenye bei nafuu kuliko yangu, na sina kinyongo naye hata kidogo.

Muuza samani: Umegusa penyewe, mkuu. Mkataba wa Ununuzi wa Serikali wa Shirika la Biashara Duniani, toleo lililoanza kutumika 2014, unadai maneno hayo pale ambapo hakuna namna ya kueleza hitaji bila kutaja chapa. Unazibana nchi zilizojiunga nao tu. Mimi kilichoniumiza ni muda: tangazo Ijumaa, mwisho Jumatano, na dhamana ya benki juu. Nani anaipata kama hakudokezwa mapema?

Mjumbe wa zamani wa tathmini: Kampuni tuliyoizoea, yenye kazi safi, ilileta bahasha muda umeshapita kidogo. Katibu akairudisha bila kuifungua. Wapo walionung'unika, lakini waliowahi walikuwa wamekaa mbele yetu wanatazama. Na hilo la ufafanuzi, jibu liende kwa wazabuni wote bila kutaja aliyeuliza. Sheria ya mfano ya ununuzi wa umma ya 2011 ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, inasema hivyo.

Msambazaji dawa: Ukikosa, omba sababu kabla mkataba haujasainiwa. Umoja wa Ulaya umeweka muda wa kusubiri usiopungua siku 10 kwa ajili hiyo. Mimi niliomba, nikakuta mikataba yangu ya nyuma haikuhesabiwa kwenye alama ingawa ilikuwemo kwenye nyaraka. Nikalalamika rasmi, tathmini ikarudiwa.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Wakandarasi hamjasema kitu. Lile sharti la mauzo ya mwaka kuzidi thamani ya kazi yenyewe mara kadhaa, kuna aliyewahi kulipinga likaondolewa?