Mechi ya dakika 60 inakula saa tatu: mnaotazama michezo ya Marekani, tupeane uzoefu

Kiti_cha_Mbele (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Anayetazama NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani) Jumapili saa 7 mchana kwa saa za New York anajua: robo nne za dakika 15, lakini mechi inaisha saa 10 jioni imepita. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima, likakuta mpira wenyewe unachezwa takriban dakika 11 tu. Wenye ujuzi waje: muda unakwenda wapi, runinga imegusa nini, na mtu anazipataje mechi bila kulipia vifurushi vitano? Hadithi za maisha tuziweke uzi mwingine. Hapa leteni hesabu na hatua.

Saa_ya_Refa
Wengi wanadhani saa ya NFL inasimama kila mchezo unaposimama. Hapana. Mchezaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea, na timu ina sekunde 40 za kuanzisha mchezo unaofuata. Humo ndimo muda unamoliwa: mchezo sekunde tano sita, kisha watu wanakusanyika, wanapeana maelekezo, wanajipanga upya. Pasi ikidondoka, saa inasimama mpaka mpira uanzishwe tena. Mchezaji akitoka nje na mpira, saa inasimama kidogo, refa akiuweka mpira anairuhusu itembee. Ila dakika 2 za mwisho za kipindi cha kwanza na dakika 5 za mwisho za kipindi cha pili haitembei mpaka mpira uanzishwe. Ndiyo maana dakika mbili za mwisho unaweza kuchemsha chai, ukainywa na kikombe ukaosha.

Halafu matangazo ya biashara. Timu imefunga: matangazo. Mpira wa kuanzia umepigwa: mara nyingi matangazo tena, ingawa kati ya hapo hamjaona kitu. Pembeni mwa uwanja kuna mtu wa runinga anayewaashiria waamuzi wasubiri au waendelee. Ukiwa jukwaani ukaona wanaume 22 wamesimama mikono kiunoni, mtafute huyo kwa macho.

Mtego mmoja: utasikia kwamba onyo la dakika mbili, yaani kusimamisha mchezo zikibaki dakika mbili, liliwekwa kwa ajili ya matangazo. Si kweli. Zamani muda rasmi ulikuwa mkononi mwa mwamuzi, ubao ulikuwa makisio, kwa hiyo ilibidi makocha waambiwe kilichobaki. Saa ya ubaoni ilipokuwa rasmi onyo halikuwa na kazi tena, lakini lilibaki, maana runinga ilishalipenda. Ligi ya vyuo ilikaa bila onyo hilo hadi 2024.

Sekunde24
Kwenye kikapu tatizo lilikuwa kinyume: mchezo uliganda. Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mechi nzima, kwa sababu aliyepata mpira aliukumbatia tu. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, akapiga hesabu: mechi inayovutia ina mitupo kama 120 kwa timu zote mbili, mechi ni sekunde 2,880, gawanya, unapata 24. Sheria ikawa hiyo.

Leo kila timu ya NBA (ligi ya kikapu) ina taimauti 7, yaani mapumziko mafupi ya kuomba, na kila robo lazima iwe na mapumziko mawili. Kama hakuna aliyeomba, mpira unaposimama mara ya kwanza zikiwa zimebaki chini ya dakika 7, refa anasimamisha na wenyeji ndio wanakatwa taimauti. Chini ya dakika 3 inarudiwa kwa timu ambayo haijakatwa. Ukitaka kwenda chooni, hizo ndizo alama zako.

Mgongo_wa_Pili
Besiboli ndiyo pekee iliyothubutu kujikata yenyewe. Tangu 2023 mrushaji ana sekunde 15 besi zikiwa tupu. Kukiwa na mtu kwenye besi zilikuwa 20, zikashushwa hadi 18 mwaka 2024. Mpigaji awe tayari, macho kwa mrushaji, zikibaki sekunde 8. Mrushaji akichelewa anahesabiwa boli (mrusho mbaya), mpigaji akichelewa anahesabiwa straiki (kosa lake). Wastani wa mechi ya vipindi tisa ulishuka kutoka saa 3 na dakika 4 (2022) hadi saa 2 na dakika 40. Wazee walilia kwamba mchezo usio na saa umefungwa saa shingoni. Kwangu ni mabadiliko bora kuliko yote ya miaka hii, na muda uliokatwa ulikuwa wa kukuna glavu tu.

Waya_RG6
Upande wa kupata mechi, wapya wanakimbilia programu za kulipia wakati CBS, NBC, ABC na FOX ziko hewani bure. Antena tu, hakuna king'amuzi, kwa sababu runinga za sasa zina kipokezi cha dijitali ndani.

Kwanza fungua ramani ya vituo ya FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani), andika msimbo wa posta, uone minara iko upande gani na kila kituo kinarusha kwa chaneli gani *halisi*. Namba inayoonekana kwenye skrini huwa si ile ya hewani. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wananunua antena bapa ya kubandika dirishani, FOX inaingia safi, ABC hakuna. Masafa ya UHF (chaneli 14 hadi 36) yanataka kipande cha antena cha kama sentimita 30, hiyo bapa inatosha. VHF ya juu (chaneli 7 hadi 13) inataka kama sentimita 75. VHF ya chini, mfano WPVI ya ABC pale Philadelphia iliyo chaneli 6, inataka karibu mita 1.7. Kwa hiyo nunua ile ya masikio mawili ya kuvuta, uyavute kulingana na kituo.

Iweke dirisha linalotazama minara. Vioo vyenye utando wa metali wa kuzuia joto huzuia na mawimbi, ukihisi hivyo jaribu ukutani. Kigawanyio cha runinga mbili kinakula kama desibeli 3.5. Kikuza mawimbi ukikaa karibu na mnara kinaharibu badala ya kusaidia, kipokezi kinazidiwa. Mwisho skani upya, na urudie kila ukihamisha antena.

Faida nyingine: antena iko mbele ya programu za intaneti kwa makumi ya sekunde. Jirani mwenye antena atashangilia bao lako kabla hujaliona.

Kiti_cha_Mbele
@Waya_RG6 na zile za Alhamisi na za Krismasi?

Waya_RG6
Alhamisi ni Amazon tangu 2022, Krismasi Netflix tangu 2024. Ila NFL ina kanuni nzuri: mechi iliyouzwa kwa kebo au programu inaonyeshwa pia bure hewani kwenye miji ya timu mbili zinazocheza. Ukikaa Kansas City, Chiefs hawakupiti.

Besiboli usitegemee ukarimu huo. Ukilipia MLB.TV (huduma ya intaneti ya ligi kuu ya besiboli), mechi za timu ya eneo lako hufungwa moja kwa moja. Iowa haina timu hata moja ya ligi kuu, lakini imehesabiwa eneo la timu sita: Cubs, White Sox, Cardinals, Royals, Twins na Brewers. Kabla ya kulipa, weka msimbo wako wa posta kwenye ukurasa wao uone zinazofungwa.

Usiku_Mrefu
Kwa walio nyumbani, Dar, Nairobi na Kampala: ya saa 7 mchana New York ni saa 2 usiku Septemba na Oktoba, kisha saa 3 usiku kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wakirudisha saa nyuma. Ile ya usiku, saa 2:20 kwao, ni saa 9:20 usiku kwetu, baadaye saa 10:20 alfajiri, tayari Jumatatu. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi toeni saa moja. Muscat ongezeni moja. Ikifika Jumapili ya pili ya Machi saa zao zinasogea tena mbele, na hapo ni wa NBA watakaochanganyikiwa.