Mjadala: Beit al-Ajaib lisimame tena kwa chokaa au kwa zege?

MLETA MADA

Ndugu zangu, tarehe 25 Disemba 2020 pembe ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la masultani la Mji Mkongwe wa Zanzibar, pembe ile inayotazama bahari, iliporomoka pamoja na mnara wa saa, mafundi wakiwa ndani wanalikarabati. Wawili walifariki. Naanza na hao, Mungu awarehemu, maana likitajwa jumba hili tunakimbilia milango ya nakshi na picha za Forodhani, na waliokufa wakiliuguza tunawasahau.

Rai yangu: lijengwe upya, lakini kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mafundi vijana wafundishwe papo hapo kwenye kazi. Ikiwa mpango ni kumwaga zege kisha kulipaka nyeupe ili lipendeze kwa mbali, mimi naona bora pabaki wazi.

Tukumbushane lilivyokuwa. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alilijenga mwaka 1883 liwe jumba la hafla na la kupokea wageni. Ujanani alihamishiwa Bombay baada ya kushindwa uasi wake dhidi ya nduguye Majid aliyekuwa sultani, na mwaka 1875, akiwa mtawala, alizuru Uingereza ya Malkia Victoria. Ukilitazama jumba unayaona yote mawili. Ndani ni nyumba ya kwetu: kuta nene za matumbawe, ua katikati, vyumba vimeuzunguka, milango imechongwa aya za Qurani. Nje limevishwa roshani pana pande zote, zimebebwa na nguzo ndefu nyembamba za chuma cha kalibu, chuma cha aina ile ile kilichokuwa kikibeba vituo vya treni na magati ya pwani ya Uingereza wakati huo. Watu wa mji hawakuwa wamewahi kuona jumba la kimo kile lenye taa za umeme, ndiyo maana likaitwa la maajabu.

Sasa huo mnara tunaoulilia. Barghash hakuujenga juu ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga eneo la kasri kwa mizinga, kwa sababu Khalid, mwana wa Barghash, alikuwa ameshika kiti bila ridhaa yao. Vita havikufika hata saa moja. Beit al-Hukm, lililokuwa jirani, likawa kifusi, na pale lilipokuwa leo pana bustani. Mnara wa taa uliokuwa mbele nao ukaharibika. Beit al-Ajaib likapona, na mwaka 1897 likaongezewa mnara wa saa usoni.

Wapo wanaosema basi mnara usirudishwe, turudi kwenye jumba la 1883. Siafiki. Mnara ule ni kovu la 1896, na kovu ni sehemu ya mwili.

Kuhusu chokaa nina uchungu, nisameheni nikirefusha. Babu yangu alikuwa muashi. Alikuwa akizima chokaa shimoni na kuilaza wiki nyingi kabla ya kuigusa, na akituona watoto tunachungulia anatufukuza kwa mwiko. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya mvua na unyevu wa bahari, kisha huyatoa taratibu kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanabaki ndani na chumvi yake, udongo ulioshika mawe unalegea, na wewe nje unaona plasta nzuri imenyooka. Juu paa likivuja, boriti zinaoza vichwa pale zilipoingia ukutani. Nyumba inakufa huku imevaa kanzu safi.

Anayesema chokaa ni mambo ya kale yaliyokwisha, aende Mizingani akalitazame jumba la Zahanati ya Zamani. Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri wa Kihindi, alilianza mwaka 1887 kwa heshima ya miaka 50 ya utawala wa Victoria, na akafariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Liliwahi kuchakaa vibaya. Miaka ya 1990 Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukalikarabati kwa kufuata ufundi wa asili, na roshani zake za mbao zilizotobolewa kama lesi zipo mpaka leo. Kwa hiyo ujuzi upo, na tumeshauona ukifanya kazi mwendo wa dakika chache kutoka hapo.

Karibuni, nipingeni.

MCHANGIAJI, NG'AMBO

Shukrani kaka, umeandika kwa mapenzi. Ila mimi moyo wangu uko kwingine. Shangazi yangu anakaa Mji Mkongwe, nyumba ya ghorofa mbili, familia nne. Ngazi imelegea, na mvua za masika wanahamisha magodoro kutoka pembe moja kwenda nyingine. Nyumba kama ile ni nyingi, na zina watu ndani. Jumba la sultani halina anayelala.

Na tuseme na la pili. Fedha za fahari ile zilitoka wapi? Kwenye karafuu, na karafuu zililimwa na watumwa. Ni kweli Barghash ndiye aliyetia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa, lakini alitia saini akiwa amebanwa na Waingereza. Mimi siwezi kulia kwa ajili ya roshani kabla sijalia kwa ajili ya ngazi ya shangazi.

MCHANGIAJI, MHANDISI

Mleta mada, kuhusu saruji na unyevu uko sahihi, na ningependa wenye nyumba wote wa Mji Mkongwe wausome ule mstari. Lakini unaficha kitu. Jumba hili halikuwa la chokaa peke yake tangu siku ya kwanza. Lilikuwa na chuma, na chuma karibu na bahari kinaliwa. Kikipata kutu kinavimba, na kikivimba kinapasua jiwe lililokikumbatia. Ukilirudisha hivyo hivyo unalirudisha na ugonjwa wake.

Halafu kuna mzigo. Nyumba ya familia ni jambo moja, makumbusho yenye mamia ya wageni juu ya ghorofa ni jambo jingine kabisa. Sitatia saini mchoro ambao watoto wa skuli watasimama juu yake kwa kutegemea boriti na dua. Wawili walikwishakufa pale. Kuta ziwe za chokaa, naam, lakini mzigo ubebwe na chuma kisichoshika kutu, kionekane wazi, asidanganywe mtu kwamba ni cha 1883.

MCHANGIAJI, MALINDI

Wanangu, mimi si fundi. Niliwapeleka wanafunzi wangu pale lilipokuwa makumbusho. Pale uani palikuwa na mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Watoto wa mjini, wanaoiona bahari kila siku, walikuwa hawajui kwamba babu zao walishona mbao. Mmoja alibaki akizipapasa kamba hadi nikamvuta mkono.

Basi ombi langu liwe kwenye maandishi: lijengwe kwa lolote mtakalokubaliana, lakini lisigeuzwe hoteli. Mlango wake ubaki wa kila mtu.

MLETA MADA

Mwalimu, shikamoo. Hilo la hoteli naliunga mkono kwa mikono miwili.

Mhandisi, umenirudisha nyuma hatua moja na nakubali. Nilisema chokaa kana kwamba nguzo za chuma hazikuwepo. Chuma kipya kinachoonekana wazi nakiafiki. Nilichokuwa nakipinga ni zege lililojificha ndani ya ukuta likijifanya jiwe.

Dada wa Ng'ambo, wewe ndiye uliyenikosesha usingizi. Kuhusu karafuu sina la kubisha. Ningependa jumba likisimama, chumba cha kwanza mgeni anachoingia kieleze hilo hilo: nani alilima, nani alivuna, nani alibeba mawe. Ila kuhusu ngazi ya shangazi, nikuulize: leo akipata fedha, atampata wapi fundi? Atakuja mtu na mfuko wa saruji, ataziba nyufa, na baada ya masika matatu ukuta utatoka tumbo. Mji wote ule, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa chokaa, na wazee wanaoijua wanapungua. Beit al-Ajaib ndiyo kazi pekee kubwa ya kutosha kuwaweka vijana mia chini ya waashi wazee kwa miaka mfululizo. Wakitoka pale, mkataba uwabane: kila mmoja akatengeneze nyumba kadhaa zinazokaliwa na watu, kwa bei ambayo wapangaji wanaimudu.

Mhandisi, kwa kuwa wewe unazijua hesabu: sharti kama hilo likiandikwa kwenye zabuni tangu mwanzo, linatekelezeka? Na kijana asiyewahi kushika mwiko anahitaji miaka mingapi kabla hujamwachia ukuta peke yake?