Kitako cha Martini-Henry kimepasuka: nikitengeneze au nichongeshe kipya?

MjukuuWaNizwa: Assalamu alaykum. Marehemu babu aliniachia Martini-Henry, ile bunduki ya risasi moja moja iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1871. Hapa Oman wazee bado huibeba kwenye razha, ngoma ya jadi ya panga. Kibali chake ninacho. Kitako kina ufa shingoni: unaanzia pale mbao inapokutana na chuma, umeshuka kama vidole vitatu, na ukiikamata kwa nguvu mbao inalia. Fundi mmoja ananiambia nitupe hiki, anichongee kingine. Roho inasita. Mngefanyaje?

FundiWaTanga: Waalaykum salaam. Usitupe! Kwanza shusha wenzo, hakikisha kwa macho kwamba chumba cha risasi ni kitupu. Kisha fungua skrubu mbili za bamba la nyuma. Utaona tundu refu, na ndani yake bolti ndefu inayovuta kitako kwenye chuma. Mara nyingi ugonjwa unaanzia hapo. Bolti ikilegea, kila mshindo chuma kinaipiga mbao, na shingo ndiyo nyembamba. Lakini usiikaze juu ya ufa, utaupanua.

RandaNaPatasi: Mimi naona kipya. Mbao za zamani zimenyweshwa mafuta ya bunduki miaka mia na ushei, na gundi haishiki juu ya mafuta. Nimeona viungo vilivyopakwa vikaachia baada ya wiki. Kama bunduki itakwenda razha, itaruka na kugongwa. Tafuta mninga mkavu: haunywei wala haupindi sana, na unachongeka vizuri. Mpingo usijaribu, bunduki itakuwa mzigo.

MzeeWaMombasa: Mwanangu, kabla hujasikiliza patasi ya mtu, geuza bunduki utazame ubavu wa kulia wa kitako. Zilizotoka kiwandani Uingereza hugongwa muhuri wa duara kwenye mbao. Ukiuona, hata kama umefifia, basi mbao hiyo ni nusu ya thamani ya bunduki, na msasa usiuguse kabisa. Tena kuwe na tahadhari: Ghuba ilipata pia nakala nyingi zilizofuliwa kwa mkono mipakani mwa Afghanistan, zenye herufi za Kiingereza zilizopinda au kuandikwa kinyume. Hiyo nayo ni historia, usiidharau.

MjukuuWaNizwa: Muhuri upo, mzee. Nusu duara, lakini upo. Na bolti nimeikuta imelegea, imezunguka robo nzima bila nguvu.

FundiWaTanga: Basi jibu limeshapatikana. Hoja ya Randa kuhusu mafuta ni ya kweli, ila ina dawa. Vua kitako, changanya unga wa chaki na asetoni uwe kama uji, pakaa kwenye ufa, uache ukauke. Chaki itageuka rangi kwa mafuta iliyoyavuta. Kwangua, rudia, mpaka ibaki nyeupe. Kuna vitako vilivyonichukua siku nne. Usipake karibu na muhuri. Halafu panua ufa kidogo kwa kabari nyembamba, ingiza gundi ya epoksi ya kukauka polepole hadi itokeze upande wa pili, na ufunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, uzungushe mara nyingi. Gundi ya haraka ya vichupa vidogo usiitie, ni ngumu lakini inakatika kwa mtikisiko. Siku ya pili toboa kutoka ndani, mahali chuma kitakapofunika, upitishe kijiti cha shaba chenye meno kikivuka ufa. Nje hakitaonekana.

RandaNaPatasi: Hapo kwa kijiti cha shaba nakubali. Nilichokuwa nakiogopa ni gundi peke yake. Ila kwa razha bado nasema achongewe cha pili, hiki kikae nyumbani. Kubadilisha ni bolti moja tu.

MzeeWaMombasa: Mwisho kipake kitako mafuta ya kitani, kidogo kidogo kwa kiganja. Na vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke, usivifinyange pamoja, vinawaka vyenyewe.

MjukuuWaNizwa: Nimerudi. Chaki nilirudia mara sita. Jana nimefungua tyubu, leo nimekaza bolti taratibu, nikaikamata shingo kwa mikono miwili. Kimya. Kipande cha mninga nimeagiza kwa shemeji yangu Dar, kitakuja na mizigo ya mwezi ujao.