Ulinganisho: kufufua pampu ya pistoni tatu au kununua mashine mpya ya umeme? (Kigoma)

Kijana wa Gungu
Wakuu, habari za leo. Nina sehemu ya kuoshea magari hapa Gungu. Mashine yangu ya presha imechoka: maji yanatoka ila hayana nguvu, tope la bajaji mpaka ulisugue kwa mkono. Fundi anasema tubadili sili (zile ringi za kuzuia maji yasivuje) na valvu zote. Jamaa yangu anasema achana nayo, chukua ile ndogo ya umeme ya magurudumu. Kipi bora? Wateja wanahamia kwa jirani.

Mtu wa Isevya
Mkuu, mashine gani? Ya mkanda au imeungana na mota? Petroli au umeme? Maji unavuta wapi? Umekuwa kama mgonjwa aliyempigia daktari, akasema "naumwa", akakata simu.

Kijana wa Gungu
Haha, haya. Pampu ya pistoni tatu, ya mkanda, ile yenye vikombe vya grisi. Injini ya petroli. Maji nina simtanki.

Fundi Mkanda
Hiyo usiitupe. Ila usinunue hata sili moja kabla hujajua presha inapotelea wapi. Anza na nozo, ile ncha ya bunduki maji yanapotokea, ndiyo rahisi kuliko vyote. Tundu lake likilika kidogo tu presha inashuka, na pampu haina kosa.

Kama bado, ule mpira wa maji yanayorudi utumbukize kwenye ndoo. Mapovu yakitoka mfululizo, hewa inaingia upande wa kuvuta: klampu imelegea au mpira umepasuka. Chujio nalo lisafishe, likiziba pampu inakosa maji. Mapovu hakuna, lakini sindano ya geji inacheza na mpira unaruka-ruka mkononi? Hapo silinda moja kati ya tatu haisukumi, mara nyingi ni chembe ya mchanga imekaa kwenye kiti cha valvu. Maji yakidondoka chini ya pampu usawa wa vile vikombe, sili za pistoni zimekwisha. Ukikaza regileta, ile ya kurekebisha presha, na presha haipandi huku maji mengi yanarudi kwenye tanki, kiti cha regileta kimelika.

Na chungulia oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia kwenye krenki. Usiiwashe mpaka umwage na ujue yamepita wapi.

Mama Presha
Yote hayo ya nini? Nunua ya umeme. Petroli inakula faida, kila siku kabureta, kila siku plagi.

Mtu wa Isevya
Dada, hizo za magurudumu zisikie tu. Nilinunua hapa Tabora, muuzaji akaniapia ni ya biashara. Mwanzo safi kabisa. Nikaipigisha kazi kutwa: pikipiki, Noah, Hiace. Ikaanza kujiwasha na kujizima yenyewe huku bunduki imefungwa. Fundi akasema oringi inavujisha, tukabadili. Ikaja joto, kichwa cha pampu hakishikiki. Kumbe mota zile za kelele zinatumia brashi za kaboni, ni za kuosha gari lako nyumbani ukazima. Brashi zikaisha, tukatafuta za kufanana, tukazipiga msasa zikaingia. Halafu kichwa chenyewe, cha plastiki, kikapata ufa. Nimeulizia Tabora nzima, nimepiga simu Mwanza, nimepiga Kariakoo. Kila mmoja "tuma picha", nikituma, "hiyo haina spea, nunua mashine". Warantii ikabaki ya mdomo. Sasa hivi inazuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo.

Hiyo yako ya mkanda ni ileile ya kupulizia dawa mashambani. Sili zake unazikuta mpaka kwenye maduka ya pembejeo.

Mama Presha
Ya kwako ilikuwa ya brashi. Zipo za mota isiyo na brashi, inazunguka kama mara 1,450 kwa dakika, pampu ya krenki, kichwa cha shaba. Usiziweke kapu moja. Bei ndiyo inauma.

Mzee wa Ujiji
Umeme ukishuka, mota inavuma tu haizunguki. Sisi tuliokaa Kigoma enzi za majenereta ya dizeli tunajua. Petroli. Ila vile vikombe vya grisi uwe unavikaza kila siku, vijana hamvigusi kabisa.

Kibirizi Kwetu
Mimi navuta ziwani moja kwa moja na pampu haijawahi kufunguliwa. Oili naweka iliyotoka kwenye injini, inatosha.

Fundi Mkanda
Oili chafu ina unga wa chuma, beringi zitakuambia. Mchanga nao unakuja. Halafu sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Hiyo sabuni inakwenda kwa dagaa unaokula.

Kibirizi Kwetu
Mita 60 unapimia wapi, wakati ziwa lenyewe limepanda likameza nyumba za watu?

Mzee wa Ujiji
Hapo kasema kweli.

Kijana wa Gungu
Mrejesho: nimeweka nozo mpya, presha imepanda kiasi, ila sindano bado inacheza. Kesho tunafungua valvu. Tatizo jamaa ameshaniletea picha ya ile ya kichwa cha shaba, na roho imeanza kuitaka.

Mama Presha
Weka picha na bei.

Mtu wa Isevya
Picha ya kibati cha mota, kile chenye maelezo yake, mkuu. Rangi ya mashine haituhusu.

Kibirizi Kwetu
Mkiwa mnasubiri, tanki la povu Kigoma mjini linapatikana wapi?