Skauti Marekani: kijana wa miaka 14 anaanzia daraja gani?

Mama Nuru
Habari zenu wazazi wenzangu. Tuko Ohio. Mwanangu mdogo yuko darasa la nne na yumo Cub Scouts, skauti wa watoto wadogo, anafanya daraja la Webelos. Kaka yake ana miaka 14 na miezi 3, hajawahi kuwa skauti, na sasa amepania kufika Eagle, daraja la juu kabisa, kama rafiki zake. Je, ataanza chini kabisa pamoja na watoto wa miaka 11? Na huyu mdogo asipomaliza daraja lake kabla shule hazijafungwa, atarudia? Tena kitabu chao kina nafasi za sahihi kila ukurasa. Anayetia sahihi ni mzazi au kiongozi?

Baba Salim
Salaam Mama Nuru. Nianze na mdogo, lake ni jepesi. Madaraja ya Cub Scouts yanafuata darasa la shule: Lion ni chekechea, kisha Tiger, Wolf, Bear, Webelos darasa la nne na Arrow of Light la tano. Tangu 2024 kila daraja lina shughuli 6 za lazima na 2 za kuchagua. Asipomaliza harudii. Mwaka ukigeuka anaingia Arrow of Light, na beji ya Webelos imempita, lakini haimzuii kitu mbele.

Mkubwa ndiye wa kumpigia hesabu. Ndiyo, ataanzia daraja la Scout kama kila mtu, kisha Tenderfoot, Second Class, First Class, Star, Life na Eagle. Umri haumrushi hata daraja moja. Ila manne ya kwanza, hadi First Class, yanaweza kufanyiwa kazi kwa wakati mmoja. Kinachofuata mpangilio ni kutunukiwa tu. Kwa hiyo akienda kambi yake ya kwanza na akapika chakula cha kikundi chake kwa masharti ya First Class, kazi hiyo inahesabiwa hata kama bado hajavaa Tenderfoot. Wengi hawajui, wanamaliza ukurasa mmoja ndipo wafungue wa pili, na mwaka unakwisha.

Baada ya First Class kuna miezi ambayo hakuna bidii inayoweza kuifupisha: 4 hadi Star, 6 hadi Life, 6 hadi Eagle. Jumla 16. Na masharti ya Eagle lazima yaishe kabla hajatimiza miaka 18. Kikao cha mwisho cha tathmini, anapohojiwa kabla ya kupewa daraja, ndicho pekee kinachoweza kufanyika baadaye. Toa miezi 16, unapata miaka 16 na miezi 8. Hapo ndipo mwisho kabisa wa kupata First Class, na hiyo ni bila kuugua, bila mitihani, bila kikao kuahirishwa. Mimi ningemwekea lengo la miaka 15 na nusu. Tena miezi inaanza kuhesabiwa siku alipopita kikao cha tathmini, si siku ya sherehe ya kuvishwa beji. Andikeni tarehe hiyo.

Kwa mkubwa, sahihi si yetu wazazi. Skautimasta, yaani kiongozi wa kikosi, ndiye anayeteua nani atie: yeye, wasaidizi wake, mara nyingi pia vijana wa madaraja ya juu. Mtoto ndiye anayepeleka kitabu na kuonyesha anachojua. Akisubiri kuitwa, hataitwa.

Mwanakambi
Naongezea mambo matatu yanayowakwamisha watoto kabla ya First Class, maana fundo na dira hujifunza haraka.

Kwanza mazoezi ya Tenderfoot. Anapimwa pushapu, siti-apu, kunyoosha mwili akiwa ameketi, na mbio au mwendo wa maili 1, anafanya mazoezi siku 30, kisha anapimwa tena na kila kipimo kionyeshe nafuu, hata ndogo. Kosa la kawaida ni kuanza mazoezi bila kuandika vipimo vya kwanza. Siku 30 zikiisha hana cha kulinganisha, anaanza upya. Apimwe wiki ileile anayojiunga.

Pili, kambi. Second Class inataka shughuli 5 za kikosi, 3 kati yake za nje, na katika hizo za nje 2 za kulala kambini. First Class inataka 10, nje 6, kulala 3. Ni jumla tangu ajiunge, hazianzi upya. Kikosi kikipiga kambi mara moja kwa mwezi, kukosa safari mbili ni kusukuma daraja zima mbele. Pateni kalenda ya mwaka mapema.

Tatu, na hili ndilo zito kwa watoto wengi wa kwetu: kuogelea. Second Class ni kuruka kwa miguu kwenye maji yanayomzidi kimo, kuogelea futi 25, kusimama, kugeuka na kurudi. First Class ni yadi 100 bila kupumzika: 75 kwa nguvu, 25 za mwisho chali kwa mtindo wa kupumzika, halafu kuelea. Wanaoshindwa huwa wameanza kasi mno, wakaishiwa pumzi kwenye yadi ya 50. Kama hajui kuogelea, mwandikishe kwenye bwawa la ndani majira haya ya baridi. Usingoje kambi ya kiangazi. Huko anapimwa siku ya kwanza, na wiki ni fupi kumfundisha toka sifuri.

Bi Rehema
Wenzangu hamjagusa beji za ustadi (merit badges), zile za fani mojamoja. Star inataka 6, Life jumla 11, Eagle jumla 21, na sehemu kubwa ya hizo 21 hachagui, ni za lazima. Asingoje First Class ndipo aanze, skauti yeyote anaruhusiwa.

Aanze na zenye muda ndani yake. Personal Fitness ina programu ya wiki 12. Personal Management inamtaka afuatilie mapato na matumizi yake wiki 13. Family Life ina siku 90 za kazi za nyumbani. Hizi tatu zinaweza kwenda sambamba, na ni za lazima zote. Camping nayo inataka usiku 20 kwenye shughuli za skauti. Kambi ndefu moja inahesabiwa hadi usiku 6, na usiku mliolala porini kama familia hauingii.

Kabla ya kuanza azungumze na skautimasta, kisha amtafute mshauri aliyesajiliwa kwa beji hiyo. Wasikutane wawili peke yao, na barua pepe zote mzazi awemo. Pale wanapotumia kadi ya buluu, ile ya kurekodi beji, kipande cha mtoto kihifadhiwe hadi Eagle, hata kama kumbukumbu ziko mtandaoni. Beji iliyofanywa nusu haiishi muda mpaka atimize 18.

Mama Nuru
Asanteni sana, nimeshanakili tarehe. Na wadhifa kikosini? Pia, mradi wa Eagle unaweza kufanyika msikitini kwetu?

Baba Salim
Wadhifa unatakiwa kwa Star (miezi 4), Life (6) na Eagle (6), na unahesabiwa ule alioushika akiwa tayari katika daraja lililotangulia. Usaidizi wa kiongozi wa patroli, kile kikundi kidogo ndani ya kikosi, hauhesabiwi, na vijana wengi wamepotezea hapo nusu mwaka. Katibu, mtunza vifaa, mkutubi, yote sawa. Kuna pia den chief, anayesaidia watoto wa Cub Scouts: angeweza kuwa kwenye kundi la mdogo wake, ukawapeleka kwa safari moja.

Msikiti unafaa. Mradi unaruhusiwa kwa taasisi ya dini, shule au jamii, mradi tu usiwe wa kunufaisha skauti wenyewe. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa. Kinachotazamwa ni kama aliongoza watu, si kama alibeba mbao peke yake. Pendekezo linataka sahihi nne: ya wanaofadhiliwa, yaani msikiti, ya skautimasta, ya kamati ya kikosi, na ya baraza au wilaya ya skauti. Asinunue hata msumari kabla ya ya nne kupatikana, kwa sababu kazi iliyoanza kabla ya kibali inaweza kukataliwa yote.