Mjadala: Je, maji ya dunia yaliletwa kutoka angani, au yalikuwamo ndani ya mawe tangu mwanzo?

Mwalimu wa Himbi: Ndugu zangu wa Goma, wengi wanashikilia kwamba bahari zililetwa na nyotamkia zilizoigonga dunia ikiwa changa. Mimi sikubaliani nao. Haidrojeni ya maji ina aina yake nzito, dutiriamu, na uwiano wake hutambulisha chimbuko la maji kama jina la ukoo. Katika bahari, kwa kila atomu milioni moja za haidrojeni, takriban 156 ni za dutiriamu. Chombo cha angani cha Ulaya, Rosetta, kilipopima mvuke wa nyotamkia 67P mwaka 2014, kilikuta kiasi kinachozidi hicho mara tatu.

Mama wa Katindo: Mwalimu, hiyo ni nyotamkia moja. Hartley 2, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011, ilikaribiana sana na bahari. Hata hivyo, mimi naelekea zaidi kwenye vimondo vyenye kaboni nyingi, ambavyo hubeba maji yaliyofungwa ndani ya madini ya udongo.

Kijana wa Majengo: Mbona tunatazama juu tu? Volkano yetu ya Nyiragongo inatoa mvuke wa maji mbele ya macho yetu. Huo si ushahidi kwamba yalitoka ndani?

Mwalimu wa Himbi: Mwanangu, mvuke huo unathibitisha kwamba chini kuna maji, lakini hausemi yalifikaje huko, kwa maana sakafu za bahari zinazozama huyarudisha mengine kilindini mwa dunia. Ushahidi unaokufaa ni wa mwaka 2020, pale watafiti wa Ufaransa walipopima vimondo vya enstatiti, ambavyo ni jamii ya mawe yaliyoijenga dunia na vilidhaniwa kuwa vikavu, wakakuta haidrojeni inayoweza kutoa maji yasiyopungua mara tatu ya bahari zote.

Mama wa Katindo: Je, kimondo kilicholala ardhini miaka mingi hakiwezi kunyonya unyevu wetu wenyewe?

Mwalimu wa Himbi: Swali hilo ndilo zito. Mwaka 2025 watafiti wa Oxford walichunguza kimondo kimoja cha Antaktika, wakakuta haidrojeni imeshikamana na salfa mahali pasipo kutu, huku sehemu zenye nyufa na kutu, ambako unyevu wetu ungeingilia, zikiwa karibu hazina haidrojeni.

Mama wa Katindo: Kimondo kimoja, Mwalimu, kama vile 67P ilivyokuwa moja. Nakubali kwamba mawe yalichangia sehemu kubwa. Ila maji ya bahari yana dutiriamu nyingi kidogo kuliko yale ya kilindini mwa dunia, na ziada hiyo bado naidai kwa vimondo vya mbali, vile vyenye kaboni.