Naombeni ushauri: kusomea ukarabati wa magari yaliyogongwa, nadharia mtandaoni na vitendo karakana

Msasa80:
Wakuu, habari za humu. Nipo Louisville, Kentucky, nina green card, kazi yangu ni ghala, zamu ya usiku. Nyundo, puti na msasa navifahamu kwa kiwango cha gereji ya mtaani Dar, ila magari ya huku yana kamera kwenye kioo cha mbele, rada nyuma ya bampa na bodi za aluminiamu. Kuna chuo cha miaka miwili kinatoa cheti cha ukarabati wa magari yaliyogongwa: nadharia mtandaoni, karakana siku mbili kwa wiki. Je, mwajiri anakithamini cheti cha namna hii? Kipi kinasomeka mtandaoni na kipi hakisomeki? Niwaulize nini chuoni kabla sijalipa? Mdogo wangu yuko Mwanza, naye anataka kuja kusomea hiyo hiyo kwa viza ya mwanafunzi.

Bampa_Mbele:
Mkuu, sehemu ya mtandaoni usiidharau, maana ndiyo anayokosa fundi aliyekulia kwenye nyundo. Gari likigongwa kona ya mbele kushoto, nguvu haiishii pale. Inasafiri kwenye reli ya chesisi, inapanda kwenye nguzo ya mlango, inatokea juu ya paa kama mkunjo mdogo ambao hakuna anayeutazama. Kwenye somo la kuchambua uharibifu utafundishwa kuifuata njia hiyo kwa macho na kwa vipimo: nafasi kati ya boneti na fenda, kati ya fenda na mlango, kisha vipimo vya mshazari vya sehemu ya injini. Watengenezaji wengi huruhusu tofauti ya milimita 3 tu kwenye nukta za chesisi. Ikizidi hapo, hata ukibadilisha fenda mpya boneti itakataa kukaa, na tairi zitalika upande mmoja.

La pili ni aina za chuma. Nguzo ya katikati ya magari mengi ya sasa ni chuma cha boroni kilichofinyangwa kikiwa moto, nguvu yake inafika karibu MPa 1,500 (MPa ni kipimo cha nguvu ya chuma). Ukikipiga gesi kikawa chekundu ili kikunyokee, nguvu ile imeondoka na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Gari likigongwa ubavuni mara ya pili, anayeumia ni aliyekaa ndani. Kwa hiyo lazima uzoee kufungua maelekezo ya mtengenezaji kwa gari husika kabla ya kushika kifaa: wapi panakatwa, wapi hapakatwi, wapi panabadilishwa kipande kizima. Hayo yote yanasomeka vizuri sana kwenye kompyuta, tena usiku ukiwa mapumzikoni.

Chuma_na_Moto:
Naongezea upande wa kuchomelea, maana hapo ndipo video inapogota. Waulize chuoni maswali haya: vibanda vya kuchomelea ni vingapi kwa wanafunzi wangapi? Kila mwanafunzi anachomelea saa ngapi kwa muhula? Wana mashine ya kubana na kuchoma nukta kwa umeme, au ni MIG (mashine ya waya na gesi) peke yake? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, jibu umeshalipata.

Sababu ni hii. Bati la bodi ni jembamba, 0.7 mpaka 0.8 mm. Unatumia waya wa 0.6 mm na gesi ya mchanganyiko, argoni 75 kwa 25 ya kaboni dayoksaidi. Unatoboa bati la juu tundu la 8 mm, unasafisha mpaka chuma king'ae, unabana mabati mawili yashikane kabisa, ndipo unajaza tundu kwa kuanzia kwenye bati la chini. Ukiacha mwanya hata wa unene wa kadi, au ukianzia ukingoni mwa tundu, madini yanakaa juu kama kifungo na chini hayajashika. Kwa juu inapendeza! Ndiyo maana mwalimu anakwambia uweke kipande kwenye jiriwa ukibandue kwa patasi: nukta nzuri inang'oka na kipande cha bati la chini na kuacha tundu. Ikitoka safi bila kuacha tundu, umeshindwa, rudia. Kisha unafanya hivyo hivyo kwa wima, na kwa juu ya kichwa cheche zikikudondokea. Jambo hilo halina njia ya mkato.

Aluminiamu ni chumba chake na vifaa vyake. Argoni tupu, brashi ya chuma kisichoshika kutu isiyowahi kugusa chuma cha kawaida, na msasa wa peke yake. Vumbi la chuma likibaki kwenye aluminiamu, kutu itaanza chini ya rangi na miezi michache baadaye rangi inavimba malengelenge. Vumbi la aluminiamu lenyewe linaweza kulipuka, kwa hiyo lina mashine yake ya kulinyonya. Chuo kinachosema kinafundisha aluminiamu lakini hakina eneo lililotengwa, usikiamini kwenye hilo.

Rangi_Kavu:
Naingia kwenye puti na rangi, maana mleta uzi amesema anavifahamu, na mazoea ya mtaani ndiyo magumu kuyaacha.

Kigumisho cha puti ni asilimia 2 kwa uzito: puti gramu 100, kigumisho gramu 2. Tumia mizani, achana na kukisia kwa rangi ya mchanganyiko. Kikizidi, kemikali yake inapenya rangi ya juu na doa la manjano linatokea kwenye gari jeupe baada ya wiki kadhaa. Kikipungua, puti haikauki ndani na msasa unaziba. Changanya kwa kukandamiza na kupangusa, usikoroge kama uji, maana hewa inayoingia ndiyo vile vitundu utakavyovikuta baada ya praima (rangi ya msingi). Puti isizidi milimita 3 ikishasuguliwa. Ikihitaji zaidi ya hapo, bati halijanyooshwa.

Msasa (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi): P80 kuchonga, P180 kulainisha, P320 kufifisha kingo, praima ya kigumisho, kisha P500 au P600 kabla ya rangi. Ukiruka kutoka P80 kwenda P320, mikwaruzo inazama chini ya praima na inachomoza tena rangi ikishakauka.

La afya: kliya (rangi angavu ya mwisho) na praima zenye kigumisho zina kemikali iitwayo isosayaneti. Zinaharibu mapafu na zinaweza kukuachia pumu ya kudumu, na huna harufu ya kukuonya kabla hujadhurika. Kwenye chumba cha rangi vaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Marekani kuna kanuni ya EPA (mamlaka ya mazingira) inayotaka mpuliza rangi wa magari awe na mafunzo, yakiwemo ya vitendo, na ayarudie kila miaka 5. Waulize chuoni kama hati hiyo imo kwenye ada.

Na bampa lenye rada: sehemu iliyo mbele ya rada usiitie puti wala usirundike rangi juu ya rangi. Mawimbi yanapinda, breki ya dharura inaweza kuliona gari la jirani liko mbele yako. Watengenezaji wengine hukataza kulikarabati kabisa eneo hilo, wanataka bampa jipya.

Karatasi_Kwanza:
Kuhusu cheti, mwajiri hamuulizi mtu kama alisoma kwa kompyuta. Anaangalia mitihani ya ASE (taasisi inayopima mafundi magari) na mafunzo ya I-CAR (shirika la mafunzo ya ukarabati wa magari yaliyogongwa). Kwa bodi, ASE ina B2 ya rangi, B3 ya sehemu zisizobeba mzigo, B4 ya chesisi na muundo, B5 ya mitambo na umeme, na B6 ya kukadiria gharama. Ukifaulu B2 mpaka B5 unaitwa fundi mkuu. Wanataka uzoefu wa miaka 2, na masomo ya chuo yanaweza kuziba mwaka mmoja wapo. Uliza kama programu imeidhinishwa na ASE Education Foundation, na kama saa za I-CAR zimo ndani ya masomo.

Ada: mwenye green card anaruhusiwa kujaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali). Ruzuku ya Pell ya mwaka 2024–25 ilifika hadi dola 7,395, na huirudishi. Ila cheti kifupi mno huenda kisistahili. Kawaida kinatakiwa kiwe na wiki 15 na krediti 16 au zaidi. Hakikisha na ofisi ya misaada ya chuo.

Mdogo wako asiingie kwenye hii ya nusu mtandaoni bila kuangalia sheria. Viza ya F-1 inahesabu darasa moja tu la mtandaoni, au krediti 3, kwa muhula. M-1, ambayo ndiyo ya ufundi, haihesabu hata moja. Akijiandikisha kwa mtindo wako anaweza kuvunja masharti ya viza bila kujua. Atafute programu ya darasani moja kwa moja, kwenye chuo chenye ruhusa ya kutoa I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza). Na kama lengo ni ufundi tu, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi Tanzania) wana fani ya bodi za magari, aanzie hapo.

Msasa80:
Nimewaelewa wakuu, nawashukuru sana. Swali la mwisho: ninunue vifaa gani mapema? Na nyumbani nifanyie mazoezi gani?

Bampa_Mbele:
Usinunue kabati la vifaa sasa. Miwani, buti, glavu, barakoa ya vumbi, soketi za 8 mpaka 19 mm, nyundo mbili za bodi na doli moja (kipande cha chuma cha kushikilia nyuma ya bati) vinatosha kuanza. Snap-on na Matco wana bei za wanafunzi, kwa hiyo subiri upate kitambulisho cha chuo.

Mazoezi: nenda kwenye yadi ya magari mabovu, nunua fenda kuukuu. Jaribu sumaku kwanza, isiponata ni aluminiamu au plastiki, iache. Ibonyeze, kisha ifungue kinyume cha ilivyobonyea: mkunjo uliotokea mwisho ndio unaoanza nao, kwa kawaida uko pembeni, katikati unaimalizia. Doli iwe chini ya bonde, nyundo ipige mwinuko ulio jirani. Usipige bati likiwa limelala juu ya doli mpaka karibu na mwisho, maana linanyooka na kutanuka kwa pamoja. Likitanuka utalisikia: ukilisukuma kwa kidole linabonyea na kurudi kwa mlio. Kliya na praima ya kigumisho usipulize nyumbani hata mara moja.

Chuma_na_Moto:
Na ratiba ya karakana usiipange asubuhi mara tu baada ya zamu. Omba kundi la jioni, ulale kwanza. Grainda na usingizi haviendi pamoja.